Simbilisi anakunywa maji, na hapendi kushikwashikwa

Ndugu Mhariri,

Jumapili mbili zilizopita mteja wangu aliniletea gauni la kupunguza kiuno akiwa amelizungushia gazeti lenu. Nikalikunjua, nikakuta ukurasa wa mifugo, na chini yake kisanduku cha mistari minane kikiwashauri wazazi wawanunulie watoto simbilisi, yule mnyama mdogo wa jamii ya panya asiye na mkia. Mmeandika kwamba simbilisi hana gharama: maji hanywi kwa kuwa anayapata kwenye majani, chakula ni chochote kilichobaki jikoni, na mtoto akimshikashika kila siku wanazoeana ndani ya siku tatu. Gauni nililiweka kando. Nilisoma kisanduku kile mara tatu, na mara zote tatu aliyenijia kichwani ni Lasi, simbilisi wangu mmoja.

Mimi ni fundi cherehani, naishi na kushonea hapa Pasua, Moshi. Nina miaka 58. Mifugo sijaisomea. Ila wakati naandika barua hii kuna simbilisi saba nyuma ya kiti changu, na watatu wa mwanzo waliingia humu ndani Januari wakiwa wametunzwa sawasawa na ushauri wenu: maji hakuna, majani mabichi hakuna, kushikwashikwa tele. Naomba nafasi nieleze walivyofika na tulivyohangaika nao mpaka wakatulia, halafu nina ombi moja.

Anayeijua Moshi anaijua Desemba yake. Mabasi ya Dar yanashusha watu usiku na mchana, kila ukoo unapanda migombani kula Krismasi na wazee, na watoto wa mjini wanashangaa ng'ombe anayeletewa majani bandani kama mgonjwa. Siku ya tatu watoto wamechoka kuangalia migomba. Mwaka jana kulikuwa na kijana akizungusha simbilisi ndani ya boksi, na wazazi wakanunua ili wapate nafasi ya kuongea. Januari ikaja, mabasi yakageuza, shule zikafunguliwa. Simbilisi hakukatiwa tiketi.

Aliyeniletea ni mlinzi wa nyumba moja mtaa wa juu. Alikuja jioni na tenga la nyanya, juu kafunika kwa gunia.

"Shikamoo Mama Fundi. Nimekuletea sungura wadogo."

"Marahaba. Hao si sungura, baba."

"Basi wapokee hivyo hivyo, mama. Wenyewe wamesharudi Dar, bibi yao miguu haimruhusu, mimi nawapa pumba tu. Mmoja hasimami. Nikasema Mama Fundi ana mjukuu."

"Majike au madume?"

"Majike watupu, wanasema."

Wanasema. Neno hilo lilikuja kunigharimu banda la pili, lakini tusitangulie.

Usiku ule nilifanya makosa yote ambayo binadamu anaweza kumfanyia simbilisi bila kumchinja. Mjukuu wangu ana miaka saba. Aliita wenzake wa uani, wakakaa duara sakafuni, wanyama wakapita mkono kwa mkono kama soda ya harusi. Kila aliyemshika alishangaa jinsi alivyo mpole. "Bibi, huyu ameshanizoea, hata hatingishiki!" Na mimi, mtu mzima, nikafurahi. Sikuangalia jicho. Ningeangalia ningeona limetoka kama shanga, na mbavu zinakwenda mbio kuliko sindano yangu ya mashine.

Hapo ndipo naona kisanduku chenu kilipoteleza, Mhariri, na ndiyo sababu hasa ya barua hii. Simbilisi akiogopa mara nyingi hang'ati, hakwaruzi, hapigi kelele. Anaganda. Asili yake ni Amerika ya Kusini, kule kwenye milima ya Andes, ambako watu wa Peru na Bolivia walianza kumfuga maelfu ya miaka iliyopita, na babu zake wa porini walikuwa chakula cha kila mwenye kucha na mdomo. Kinachotoka juu ni mwewe. Mkono wa mtoto unatoka juu. Basi anaganda akisubiri kuliwa, na sisi tunasema amezoea. Hizo siku zenu tatu mtoto atakuwa anamshika mnyama aliyekwisha kukata tamaa, naye anadhani wamepatana.

Yule wa kahawia hakuganda mpaka mwisho. Alichomoka mikononi mwa mtoto wa jirani, akaanguka kwenye saruji. Miguu yake ni myembamba kama njiti na uti wa mgongo wake hauna msamaha. Alichechemea siku mbili, hakuvunjika. Niliwarudisha watoto wote makwao, nikakaa na aibu yangu.

Asubuhi niliwapa majina. Wa kahawia mwenye duara jeupe mgongoni nikamwita Kifungo. Mweusi mwenye mstari mweupe kuanzia puani hadi kisogoni, Zipu. Yule asiyesimama alikuwa mweupe, manyoya yamekatikakatika kama lasi ya mtumba. Majirani walicheka sana. "Mama Fundi siku hizi unafuga panya na unawapa majina?" Niliwajibu kwamba panya wa Morogoro, waliofundishwa na Watanzania wenzetu, wanatafuta mabomu ya ardhini, na mmoja wao, Magawa, alipewa nishani ya dhahabu Uingereza mwaka 2020 kwa kazi aliyofanya Kambodia. Yeye jirani yangu nishani yake iko wapi? Mama mmoja wa Njombe akaniuliza lini nawachinja. Kwao wanaliwa, na sina ugomvi na anayewala. Anayekula simbilisi walau anahakikisha amenenepa.

Lasi ndiye aliyenipeleka kwa daktari wa mifugo. Alikuwa amelala ubavu, magoti yamevimba, ukimgusa anatoa mlio mdogo wa kukwaruza. Pumba anaitazama tu. Mama mmoja aliyewahi kufanya kazi hospitali alinipa vidonge vya amoksilini vilivyombakia, nimfungulie nimnyweshe robo. Namshukuru Mungu sikuwahi. Daktari alipofika na pikipiki yake, kijana mdogo anayelingana na mwanangu wa mwisho, kitu cha kwanza alichouliza ni kama nimempa dawa yoyote. Nikamwonyesha vidonge. Akavitia mfukoni mwake. Akasema dawa za jamii ya penisilini, kama hiyo amoksilini, zinaua vijidudu vyenye faida tumboni mwa simbilisi, vyenye madhara vinabaki vinatawala, na mnyama anakufa kwa kuhara ndani ya siku chache. Akaniambia, "Mama, huyu hana homa. Huyu ana kiseyeye."

Kiseyeye mimi nilikijua cha mabaharia kwenye vitabu vya shule. Daktari akanieleza, nikiwa nimemshikia Lasi kwenye khanga, kwamba kinaletwa na kukosa vitamini C. Mbuzi anajitengenezea vitamini C mwenyewe mwilini, paka pia, ng'ombe pia. Binadamu hawezi, na simbilisi hawezi. Ni jambo la zamani: mwaka 1907 wanasayansi wawili wa Norway, Axel Holst na Theodor Frølich, waliwalisha simbilisi nafaka tupu wakaona wanapata kiseyeye kile kile cha mabaharia, na njia ya kuijua vitamini C ilianzia hapo. Nafaka tupu, Mhariri. Pumba ni nini kama si nafaka tupu? Mlinzi wa watu alikuwa anarudia jaribio la Norway bila kujua.

Dawa ilikuwa rahisi kuliko nilivyoogopa: vidonge vya vitamini C vya watoto, vya miligramu 100, robo kidonge kila asubuhi kimesagwa na matone ya maji, kinapita pembeni mwa mdomo kwa bomba la sindano lililotolewa sindano. Mzima anahitaji kama miligramu 10 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, na hizo anazipata kwenye kipande cha pilipili hoho na majani mawili matatu ya sukuma wiki. Kuitia kwenye maji ya kunywa ni kujidanganya, inaharibika upesi. Siku ya nne Lasi alisimama. Siku ya tisa alimnyang'anya Zipu jani. Kila Jumamosi nawapeleka kwa Mangi wa duka la kona, tunawapima kwenye mizani ya sukari juu ya kitambaa changu safi, maana simbilisi anaficha ugonjwa na gramu ndizo zinazosema kwanza. Lasi alianza na gramu 480. Mwezi wa tano alifika 790. Mangi ananiuliza kila wiki kama nauza kwa kilo au kwa robo.

Siku ile ile daktari alimgeuza Kifungo, akambonyeza kidogo chini ya tumbo, akacheka. "Mama, huyu ni baba mwenye nyumba." Alikuwa ameshakaa na majike siku kumi na mbili kwangu tu, achilia mbali huko alikotoka. Jioni nilikwenda kwa seremala.

Kuhusu chakula cha kubaki jikoni nitakuwa mfupi. Sehemu kubwa kabisa ya chakula chake ni nyasi, mbichi na kavu, kwa sababu meno yake yanaota maisha yake yote na hakuna kinachoyasaga kama nyasi. Mimi nanunua fungu la majani ya Guatemala kwa wale wanaoyashusha na baiskeli asubuhi kwa ajili ya ng'ombe, mengine nayaanika. Jikoni kwa mtu wa Moshi kunabaki nini? Ugali, viporo vya wali, maganda ya viazi, maganda ya vitunguu, na parachichi. Ugali na wali vinamchafua tumbo. Viazi vya kijani na vitunguu vinamdhuru, na parachichi, ganda na jani lake, ni sumu kwake. Msimu wa maparachichi mjukuu wangu nimemwapisha.

Na maji anakunywa. Hata muuza duka la mifugo niliyemwomba chombo chake alinicheka, akasema simbilisi akinywa maji anaoza tumbo. Niliweka bakuli la udongo zito, wasilipindue, nikajaza. Zipu alikunywa bila kuinua kichwa mpaka nikamaliza kupindisha mkono mzima wa shati. Mmoja anaweza kumaliza karibu mililita 100 kwa siku, na Februari ya hapa kwetu, bati likishika moto, zaidi. Wenye wanyama wanaokula majani ya umande pekee labda hawaoni kiu yao. Mimi nimeiona.

Sasa nije kwenye kuzoeana kwenyewe.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa simbilisi jembe liache stoo mwezi mzima. Daktari alinipa masharti ambayo mjukuu wangu aliyachukia: siku tano za kwanza hakuna kumgusa mnyama yeyote isipokuwa Lasi wakati wa dawa. Kubadilisha maji, kuweka majani, kuondoa uchafu, kuondoka. Niligeuza maboksi ya biskuti chini juu nikayakata milango miwili miwili. Mmoja hautoshi, mkubwa akikaa mlangoni mdogo anakwama ndani. Walikaa humo. Nyasi nikiweka asubuhi nakuta zimeliwa jioni, lakini nani kala sijui. Ilikuwa kama kufuga majini.

Tatizo langu lilikuwa kazi yangu. Cherehani yangu ni ya kukanyaga, ya chuma, ina umri mkubwa kuliko ndoa nyingi za mtaa huu, na ikianza inatetemesha sakafu. Nilikanyaga mara moja, ndani ya banda ikasikika ngurumo ya kwato, halafu kimya. Nikanyanyua banda upande wa pili wa chumba, nikalifunika ubavu mmoja kwa kipande cha kitenge, nikaanza kushona polepole, mishono kumi naacha, ishirini naacha. Wateja wawili walichelewa kupata nguo zao na hawakuambiwa sababu. Wiki ya tatu nilikuwa nashona sare za shule mfululizo, nikageuka nikamkuta Zipu amelala nje ya boksi, miguu ya nyuma ameinyoosha, jicho moja nusu. Simbilisi halali hivyo mbele ya adui.

Katikati hapo nilitenda kosa la kifundi. Nilidhani nawafanyia wema, nikawatandikia mabaki ya vitambaa. Siku moja Kifungo hakutoka kula. Nilipomwinua, safari hii mkono mmoja chini ya kifua na mwingine ukibeba makalio kama nilivyofundishwa, nikaona kidole cha mguu wa nyuma kimekuwa chekundu kama punje ya komamanga. Uzi wa polista umemzunguka mara nne. Nimekata nyuzi miaka thelathini, sijawahi kukata uzi nikitetemeka kama ule. Nilitumia mkasi mdogo wa kukatia vishimo vya vifungo, mjukuu akishika tochi, na Kifungo akawa ananitazama bila kuguna. Ulipotoka, akanusa mkasi. Kidole kilirudi rangi yake siku ya pili. Tangu hapo wanatandikiwa maranda makavu kutoka kwa seremala, yale makubwa, si vumbi la msumeno maana linawaingia mapafuni, na juu yake nyasi. Kitambaa kikiingia bandani kimepindwa kingo zote.

Jioni, baada ya kufunga kazi, nilianza kutandika mkeka sakafuni nikafungua mlango wa banda na kuzungushia mbao za kitanda kibovu. Nakaa. Napiga vifungo kwa mkono. Siwaangalii. Hilo la kutowaangalia ndilo gumu kuliko yote, na mjukuu wangu aliliweza kabla yangu kwa kulala chali na kuhesabu misumari ya dari. Pembeni ya goti naweka kitawi cha giligilani. Siku nne za mwanzo kitawi kilinyauka hapo hapo. Siku ya tano pua ya Kifungo ilitoka mlangoni, ikarudi. Siku ya saba alitoka mwili mzima, akajivuta kwa tumbo, ananyoosha shingo mpaka anarefuka kama sambusa inayovutwa, miguu ya nyuma imebaki ndani tayari kukimbia. Akashika ncha ya jani, akalivuta haraka, akakimbilia boksini nalo. Nilisikia anavyolitafuna. Niliendelea kupiga kifungo kile kile. Baadaye nikakuta nimekishona kwenye sketi yangu mwenyewe.

Siku ya kumi na moja alikula hapo hapo, sharubu zikigusa kanzu yangu. Siku ya kumi na tatu niliweka jani juu ya kiganja, mkono umelala mkekani, haukunjuki wala haukunjwi. Alipanda kwa miguu ya mbele. Vidole vinne vinne. Nyuma wana vitatu vitatu, mtu wa vipimo kama mimi anaona vitu hivyo. Uzito wa miguu ile kiganjani ni kama wa vifungo viwili vya koti. Mjukuu aliziba mdomo kwa mikono yote miwili.

Zipu alichukua wiki mbili zaidi. Lasi, ambaye nilimshika kila siku kwa lazima ya dawa, ndiye wa mwisho kabisa, na hilo wapelekeeni waliowaandikia kisanduku. Mpaka leo akisikia bomba la sindano linavutwa anaingia boksini, ingawa dawa iliisha zamani. Akitaka, anakuja mwenyewe kukaa juu ya mguu wangu, analia ngrrr ndogo kama mashine yenye mafuta. Sijawahi kumfuata.

Lugha yao tumeijifunza bila mwalimu. Meno yakigongana taka-taka-taka ni onyo, ondoa mkono. Kuruka ghafla hewani na kujipinda, kama mtoto aliyeambiwa shule imefungwa, ni furaha. Na ule mlio mrefu wa filimbi, wiiik, wiiik, huo mara nyingi wanatupigia sisi. Wameshajua sauti ya kisu kwenye ubao. Nikikata sukuma wiki kwa ajili yetu, wanapiga kelele mpaka mteja anadhani nimefungia watoto chumbani.

Joto lilikaribia kuniulia Zipu katikati ya Februari. Saa nane mchana, chini ya bati, alikuwa amelala mate yakimtoka. Niliwahamisha chumba cha ndani, nikalowanisha gunia nikalitundika ubavuni, nikaweka chupa ya maji ya barafu iliyofungwa kitambaa. Chini ya nyuzi 27 wako sawa, juu ya hapo nakuwa na wasiwasi. Masika nayo ilileta siafu, na kwa siafu miguu ya banda imesimama ndani ya makopo ya oili chafu, kama kabati la vyakula la mama yangu mzazi.

Usiku wa kuamkia Jumapili moja ya Machi, Zipu alizaa wanne. Hawa hawazaliwi kama panya. Mimba ni miezi miwili na zaidi, na mtoto anatoka na manyoya, macho wazi, meno mdomoni. Asubuhi nilikuta wanakimbia nyuma ya mama yao kama bobini za uzi zilizoanguka mezani, na mmoja ameshika jani. Kama Kifungo angekuwa bado banda lile, Zipu angeweza kubeba mimba nyingine siku ile ile ya kuzaa. Ndivyo walivyo, na ndivyo "majike watupu, wanasema" inavyogeuka ishirini kabla ya Krismasi ijayo. Madume wawili niliwatoa kwa mama walipotimiza wiki tatu, siku moja zaidi nisingeithubutu, nikawapeleka kwa baba yao. Aliwanusa, akawagongea meno jioni nzima, kesho yake wamelala wote watatu boksi moja.

Ombi langu ni hili. Kabla ya Desemba rudieni kile kisanduku, mahali pale pale, na mistari minane inatosha. Andikeni kwamba anakunywa maji. Andikeni hoho na sukuma wiki. Andikeni kwamba anayetoa simbilisi aseme jinsia yake baada ya kuangalia, si baada ya kuambiwa, aseme alikuwa anakula nini, na asitoe mmoja mmoja. Uswisi sheria tangu mwaka 2008 inakataza kumfuga simbilisi peke yake bila mwenzake. Hapa kwetu hakuna atakayekushitaki, lakini ukiwaona usiku walivyopangana ubavu kwa ubavu hutahitaji sheria. Na zile siku tatu zifuteni.

Majike wawili wadogo wa Zipu natafuta watakaowachukua kwa pamoja. Wameshakuja watu wawili. Wa kwanza alitaka mmoja tu, wa rangi ya kupendeza, nikampa chai akaondoka. Wa pili ni baba wa watoto watatu wa hapa Njoro. Nimemwambia aje na watoto, wakae mkekani jioni tano bila kushika kitu, ndipo tuzungumze. Amekuja jioni mbili. Mdogo wao, wa miaka minne, jana alilala usingizi hapo mkekani, na alipoamka alikuta kitawi cha giligilani kilichokuwa kiganjani mwake hakipo.

Ni saa kumi na mbili kasoro, gauni la yule mteja bado halijapunguzwa kiuno, na wamenisikia nimechukua kisu. Hawaniachi niandike zaidi.

Mama Fundi,
Pasua, Moshi